Kivinjari cha kusomea maji: PySide6 na Qt WebEngine kwenye meza ya mashua, Lamu

Mimi ndiye ninayepokea simu na kupanga safari za mashua ya ami yangu hapa Lamu. Yeye mwenyewe hana haja ya kompyuta: akiutazama mwezi usiku anajua kesho maji yatajaa saa ngapi. Lakini wageni huulizia safari wiki tatu kabla, na mimi sina ujuzi wake, kwa hiyo saa za maji nazisoma kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni unaoandika saa kwa mtindo wa Kizungu.

Kaskazi iliyopita, kijana tuliyemchukua kwa msimu aliiona 4:18 kwenye ukurasa ule akasoma saa nne na dakika kumi na nane. Akawaambia wageni wa Takwa wafike gatini saa tatu na nusu asubuhi. Takwa iko kisiwa cha Manda, na mashua huingia kwa mkondo wa katikati ya mikoko, mkondo usiopitika ila maji yamejaa. Siku ile ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Maji yalikuwa yamejaa saa kumi alfajiri, ndiyo ile 4:18, na yangejaa tena saa kumi jioni, na saa nne asubuhi ndiyo yalikuwa yamekupwa kabisa. Wageni sita wakasimama kuitazama mashua imelalia ubavu topeni. Tuliwarudishia pesa zao. Ami hakumgombeza kijana, alinigeukia mimi: "Mwanangu, wewe si ndiye mwenye kompyuta? Basi ifundishe Kiswahili."

Ndivyo nilivyojenga kivinjari changu mwenyewe, na sasa nina miezi saba nakitumia kila siku. Haya ninayoandika ni kwa yeyote anayefikiria kutumia PySide6 na Qt WebEngine, zana za kujengea kivinjari kwa lugha ya programu ya Python, kwa kazi kama hii.

Kabla yake nilijaribu, kwenye kompyuta ya Windows, kile kidirisha cha zamani cha WebBrowser kilichomo ndani ya .NET, zana za Microsoft za kujengea programu. Usipoteze jioni yako. Kinatumia injini ya Internet Explorer, na usipokigusa mipangilio hujifanya toleo la 7. Internet Explorer 11 yenyewe ilistaafishwa Juni 2022, kwa hiyo haizielewi kurasa za leo. WebView2 iliyokuja baadaye ina injini ya Edge na ni imara, ila ni ya Windows, na laptopu ya mezani kwetu ina Ubuntu.

Qt WebEngine ina injini ya Chromium ndani yake, kwa hiyo ukurasa unaofunguka Chrome kwa kawaida na hapa utafunguka. PySide6 ndiyo inayokuwezesha kuiamrisha kwa Python. Dirisha, sehemu ya kuandikia anwani, kitufe cha kurudi nyuma na QWebEngineView katikati: mistari kama thelathini, na una kivinjari. Mara ya kwanza ukurasa ulipofunguka ndani ya dirisha nililolitengeneza mwenyewe nilimwita mama jikoni aje aone.

Kazi yenyewe ni kuubadilisha ukurasa ukishafika. Amri ni runJavaScript: unaipa skripti, yaani maagizo mafupi ya JavaScript, nayo inatekelezwa ndani ya ukurasa ulio mbele yako. Jambo la kujua mapema ni kwamba haikurudishii jibu papo hapo. Unaiachia kitendakazi (function), na jibu likiwa tayari kinaitwa. Ukiandika mstari unaofuata ukidhani jibu lipo, utashika hewa.

Skripti yangu ya kwanza ilichukua innerHTML, yaani msimbo wote wa HTML, ya ukurasa mzima, ikabadilisha saa zote na kuirudisha. Saa zilibadilika, lakini vitufe vyote vikafa. Ukirudisha innerHTML, kivinjari hujenga vipengele vyote upya, na kila kilichokuwa kimefungwa kwenye kitufe cha zamani kinapotea nacho. Njia sahihi ni kupita kwenye vipande vya maandishi peke yake, kimoja kimoja, kwa createTreeWalker, na kugusa kile chenye saa tu.

Halafu kukawa na jedwali linalochelewa. Ukurasa ule huleta saa za maji sekunde mbili baada ya mengine, na ishara ya loadFinished, inayosema ukurasa umeshafunguka, huwa imeshapita. Nikaweka MutationObserver, mlinzi anayeangalia kila badiliko na kuiita skripti tena. Sasa sikilizeni: 16:18 niliigeuza kuwa 10:18. Mlinzi akaona badiliko, akaiita skripti, ikaikuta 10:18, ikaigeuza 4:18. Kisha 10:18 tena. Namba zilichezacheza mbele ya macho yangu na feni ya laptopu ikaunguruma. Dawa yake ilikuwa kuacha namba na kuandika kama tunavyosema: "saa kumi na dakika 18 jioni". Hakuna nukta mbili tena za kunaswa, na kijana hawezi kukosea kusoma. Hesabu ni kuongeza sita, ikizidi kumi na mbili unatoa kumi na mbili, ikiwa bado imezidi unatoa tena, kisha unachagua kati ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Kilichonifurahisha zaidi ni dunia za skripti, vyumba ambamo Qt WebEngine huitenga skripti yako na zile za ukurasa. Ukiiweka skripti yako katika ApplicationWorld, inaona ukurasa uleule lakini vigeu vyake havigongani na vya ukurasa. Kurasa hizi zina msimbo mwingi wa watu wengine, na mimi sitaki vurugu zao ziingie kwenye hesabu yangu ya maji.

Na bando. Kuficha kitu kwa skripti si kukizuia, maana kinakuwa kimeshapakuliwa na umeshalipia. Kwa hiyo ile video inayojicheza yenyewe kando ya jedwali naikatia njiani kwa QWebEngineUrlRequestInterceptor: ombi halitoki kabisa. Matangazo ya kawaida sikuyagusa, kwa sababu ndiyo yanayomlisha mwenye ukurasa, na kazi yake natumia bure.

Upande wa uzito, jipange. Kuisakinisha kulinila zaidi ya megabaiti 100, na ukiifungasha programu yako umpelekee mwenzio, utampelekea mamia ya megabaiti. Laptopu yetu ina RAM ya gigabaiti 4. Kurasa mbili zinakwenda vizuri, tano zinailemea. Toleo la kawaida pia halina visimbuzi vya H.264, muundo wa video unaotumika sana, kwa hiyo video nyingi hazichezi. Kwangu si hasara, lakini usimjengee mtu wa kutazama mpira.

PySide6 ni bure kwa leseni ya LGPL. Ndugu yake PyQt6 inafanana nayo karibu kila kitu, ila ni GPL, leseni inayokudai utoe msimbo wako ukiisambaza programu, au ulipie. Kama unataka kuwauzia wenye nyumba za wageni huko Shela bila kutoa msimbo wako, anza na PySide6 na usome masharti yake.

Ami aliijaribu wiki ya kwanza. Akasoma saa zote kimya, kisha akaweka kidole kwenye Alhamisi, saa tano na dakika arubaini usiku. "Huu ni usiku wa Ijumaa," akasema. Kweli, kwetu siku huanza jua likizama. Siku imeandikwa kwenye kichwa cha jedwali na saa iko kwenye seli, kwa hiyo skripti ikajifunza kupanda juu, kuichukua siku na kuisogeza mbele kwa kila saa ya baada ya magharibi hadi saa sita usiku.

Sasa ameomba tarehe ya mwezi mwandamo ikae juu ya jedwali, maana bamvua yeye huihesabu kwa mwezi, si kwa mita. Ukurasa ule hauna, kwa hiyo hesabu naifanya kwa Python na kuiingiza kwa runJavaScript. Nimeanza juzi.