Kuolleet lehdet kwenye banda la video

Dakika 81 tu, lakini ni nzuri mno! Katika Kuolleet lehdet (kwa Kiingereza Fallen Leaves), filamu ya Kifini ya 2023, mwongozaji Aki Kaurismäki anamkutanisha Ansa, mfanyakazi wa supamaketi, na Holappa, kibarua aliyezama kwenye ulevi. Nyuso zimetulia, maneno machache. Huzuni inabebwa na ukimya, na redio inayotangaza vita vya Ukraine.

Kwa mabanda ya video ya Kirumba, Mwanza, tahadhari: mtafsiri akijaza kila pengo kwa maneno, filamu imekufa. Wekeni maandishi ya tafsiri chini ya picha, makubwa, yasomeke hadi benchi la nyuma. Mvua ikigonga bati, simamisheni. Zibeni mlango pia, maana jua la mchana hufuta vivuli vya Timo Salminen, aliyepiga picha kwa mkanda wa milimita 35.