IFR 6000 katika kupima kifaa cha tahadhari ya ndege jirani: tathmini kwa mafundi wa Mwanza

Karakana inayohudumia Cessna Caravan za safari za Serengeti haitajuta kuwa na IFR 6000, mashine ya kupimia vifaa vya redio vya ndege, mradi ijue mashine hii inapima nini. Inajifanya ndege nyingine angani: kifaa cha tahadhari kilichofungwa kwenye ndege kikihoji kwa megahezi 1030, yenyewe hujibu kwa 1090, kwa umbali, kimo na kasi alivyopanga fundi.

Jaribio la ndani, yaani kifaa kujipima chenyewe, halitoshi. Kuna vifaa vinavyofaulu jaribio hilo huku kebo mbili za antena ya juu zimepishana. Ndege iliyo kulia ikaonekana kushoto, na rubani akachungulia dirisha lisilo lenyewe. Hilo ni kosa la hatari kuliko kifaa kilichokufa kabisa. Kwa hiyo fundi mmoja azunguke na antena ya mashine: puani, bawa la kulia, mkiani, bawa la kushoto. Mwenzake akae ndani asome skrini, kwa sababu IFR 6000 haikuambii ndege imeonekana upande gani. Bawa la Caravan liko juu, hivyo ukisimama chini yake unaikinga antena. Sogea mbali au panda ngazi. Tena fanyeni nje, maana mabati ya hanga hurudisha mawimbi na alama inarukaruka.

Kimo ndicho kinachowachanganya wengi hapa. Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari. Ukiweka ndege ya bandia kwenye futi 500, iko zaidi ya futi 3,000 chini yako, na skrini iliyo kwenye hali ya kawaida huonyesha futi 2,700 tu juu na chini. Fundi ataanza kufungua konekta bure. Soma kwanza kimo kinachotumwa na transponda yenu (redio ya ndege inayojibu inapohojiwa), kisha panga ndege ya bandia futi 200 juu yake. Ndege ya bandia ikisogea, alama ya njano na sauti ya tahadhari vije sekunde 20 hadi 30 kabla ya kukutana.

Zima mashine, acha transponda na DME (redio ya kupima umbali) zikifanya kazi. Alama ikibaki palepale ulipo, kwa kimo chenu wenyewe, kagua waya wa kuzimishana kati ya vifaa hivyo, unaonyamazisha kimoja kingine kikirusha: kifaa kinaisikia transponda yenu.

Taarifa kwa mnara itangulie yote haya. Ndege inayotua ikiwa na TCAS (mfumo wa kuzuia ndege kugongana) inaweza kuiona ndege isiyokuwepo.