Vox AC30 ya mjomba au Roland JC-120? Uzoefu wangu hapa Tanga

Desemba iliyopita, tukiwa katikati ya chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, kwenye harusi moja Ngamiani, amplifaya yangu ilianza kunguruma. Haikuwa ile kelele ya kukatika-katika ambayo unaimaliza kwa kusukuma jeki ya waya wa gitaa. Ulikuwa mvumo mzito uliojilaza chini ya muziki, na hata nilipofunga sauti ya gitaa haukuondoka. Nilimaliza wimbo, nikaizima, na shughuli iliyobaki nikapiga kupitia mixa ya DJ. Usiku ule nilirudi Chumbageni nimekaa nyuma ya guta, mkono juu ya amplifaya, nikijiuliza kama wakati wa kuipumzisha umefika.

Ni Vox AC30. Mjomba aliinunua mkononi mwa mtu miaka ya 1970, enzi ambazo Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi, na kwenye taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme na besi wakaigeuza taarabu ya mji huu. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga rithim wa vikundi vya mtaani, mchana yuko bandarini. Aliponikabidhi alinipa sharti moja tu: "Usiifunike ingali ya moto." Nimelishika sharti hilo miaka kumi na tisa.

Kwa wasioijua, AC30 ilitoka Dartford, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni ya vali, zile chupa za kioo zinazopata moto zikikuza sauti, si ya transista. Vali nne za EL84 ndizo zinazosukuma spika mbili za inchi 12, na vali nyingine, GZ34, inageuza umeme wa AC kuwa DC. Nguvu yake ni wati 30 tu. Mtu aliyezoea spika za matangazo za wati elfu akisikia namba hiyo atadhani ni kitu cha chumbani, mpaka asimame mbele yake.

Ninachokipenda ni jinsi inavyojibu mkono. Ukigusa uzi kwa upole sauti ni safi, ina kung'aa kidogo juu. Ukiukwanyua, inapata ukwaruzo mwembamba, kama koo la mwimbaji aliyekwisha kuimba nyimbo tatu. Kisha kuna kitu ambacho ni vigumu kukieleza kwa asiyepiga: ukipiga noti kwa nguvu, inabonyea kwanza, halafu inainuka taratibu. Hiyo ni kazi ya ile GZ34. Unapodai umeme mwingi kwa ghafla, volti ndani zinashuka kidogo, kisha zinarudi. Kwenye solo la dansi, ambalo noti zinaandamana kama watu kwenye foleni, kule kubonyea kunaipa kila noti pumzi yake. Vidole vyangu vimejifunza muziki juu ya kitu hicho, kwa hiyo nilipoanza kufikiria kuibadilisha nilikuwa nafikiria pia kubadilisha namna ninavyopiga.

Hata hivyo mapenzi hayalipi gharama za shughuli. Wateja wanataka sauti, hawataki historia ya mjomba wangu. Rafiki yangu mmoja mpiga gitaa alikuwa anahamia mkoa mwingine, na Roland JC-120 yake alikuwa anaiuza. Akaniachia wiki tatu niijaribu kwanza. Nilimshukuru sana kwa hilo, maana dukani unajaribu kwa dakika tano, tena kwa woga.

JC-120 ni ya Japani, ya tangu 1975, na mpaka leo inatengenezwa kwa umbo lilelile. Ni ya transista tupu. Ina wati 120, yaani 60 kwa kila spika, na spika zenyewe ni mbili za inchi 12. Kinachoitambulisha ni korasi yake: spika moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa sauti iliyoyumbishwa, na zinachanganyika hewani mbele yako. Nilikuwa nasikia habari za korasi hiyo tangu nikiwa kijana. Niseme wazi kwamba haijatiwa chumvi. Siku ya kwanza niliiweka ukumbini kwangu, nikapiga akodi moja ya rithim polepole, mke wangu akatoka jikoni akasimama mlangoni kusikiliza. Kwa AC30 hajawahi kufanya hivyo.

Nilitegemea pia kuponya mgongo. Hapo sikupata nafuu. JC-120 ina kilo 28, na ya mjomba ni kama kilo 30 na ushee. Zote mbili zinahitaji watu wawili kupanda nazo kwenye Noah. Ukiona mtu anakwambia achana na vali kwa sababu ya uzito, muulize anakupa nini badala yake.

Harusi ya kwanza niliyoipeleka Roland ilikuwa Muheza, uani, chini ya turubai. Umeme ulikatika saa tatu usiku, tukahamia kwenye jenereta ndogo. Jenereta ya namna ile haitulii: friji ya vinywaji ikianza kuvuta, taa zinafifia. AC30 kwenye umeme wa hivyo inalegea na kupoteza nguvu. Roland haikuonyesha dalili yoyote. Sauti iliyokuwepo saa mbili ndiyo iliyokuwepo saa sita, safi, pana, bila kukwaruza hata nilipoongeza.

Tulipokuwa tunakunja waya, mama anayetuimbia taarabu aliniita. Ameimba kabla sijazaliwa, na kwake sisemi neno bila shikamoo. Akaniambia, "Mwanangu, leo sikuipigania sauti yangu. Hiyo yako ya zamani inapenda kukaa hapahapa ninapokaa mie." Maneno hayo yalinifikirisha siku mbili. Ni kweli tupu. AC30 ina nguvu nyingi kwenye sauti za kati na za juu kidogo, mahali palepale anapokaa mwimbaji wa kike. Kwenye dansi hilo ndilo linalolifanya solo lipenye katikati ya ngoma na besi. Kwenye taarabu, ambako gitaa linatakiwa kumzunguka mwimbaji bila kumkanyaga, ni kumziba. Miaka yote hiyo alikuwa anavumilia, nami sikujua.

Wiki iliyofuata tulipiga dansi, baa moja ya barabara za ndani, Jumamosi. Hapo mambo yakageuka. Kwenye chemko nilikuwa naukwanyua uzi kama nilivyozoea, na Roland inanirudishia noti ileile, kubwa zaidi lakini ileile. Hainibonyei, hainiinuki. Nilijikuta napiga kwa nguvu zaidi na zaidi nikitafuta ule ukwaruzo, mpaka nikakata uzi wa kwanza. Mpiga besi akaniuliza kama naumwa. Nilijaribu kuweka pedali ya kukwaruza, kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, mbele ya Roland. Ukwaruzo ukapatikana, lakini ulikuwa umekaa juu ya sauti kama rangi, haukutoka mkononi.

Basi nikawa na amplifaya mbili, kila moja bora kwenye shughuli yake, na fedha za kuwa na moja. Kabla ya kumjibu rafiki yangu niliipeleka AC30 kwa fundi. Nilikuwa nimewahi kumpa fundi mwingine hapo nyuma. Yule alibadilisha fyuzi akaweka kubwa zaidi "isisumbue", akanitoza, akanirudishia. Usikubali kamwe kuwekewa fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Fyuzi ikikosa kuungua, kitakachoungua ni transfoma.

Huyu wa sasa ni mzee aliyeanza na redio za vali. Kabla ya kufungua alinitaka niiwashe, nichukue gitaa, nipige uzi mnene, freti ya tatu. Nikapiga. Mvumo wa amplifaya na noti yangu vilikuwa karibu kitu kimoja. Akatikisa kichwa. "Kapasita," akasema. Nilimwomba anieleze, akanieleza bila haraka. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukishageuzwa kuwa DC, mawimbi yanayobaki ni ya hezi 100, na kazi ya kapasita kubwa ni kuyalaza. Zikizeeka zinakauka ndani, mawimbi yanapita mpaka kwenye spika. Na ile noti ya freti ya tatu, G, ni kama hezi 98. Mvumo ukiwa pale, tazama kapasita. Ukiwa chini yake kwa oktavu nzima, ni hezi 50, basi tafuta kosa kwenye waya wa ardhi au waya zinazopasha vali moto. Kwangu mimi somo hilo pekee lilitosha nauli ya siku ile.

Alipofungua, kwanza aliziunganisha kapasita na rezista ili zimwage umeme zilioubakiza, akapima, akapima tena. Ndani ya AC30 kuna zaidi ya volti 300 za DC, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kama hujafundishwa, usitie mkono humo.

Jeki na soketi za vali zilikuwa na ukungu wa kijani. Ni chumvi. Tunaishi na bahari, upepo wa Raskazone unaingia kila mahali, na shaba haiupendi. Alizisugua kwa spiriti na mswaki mpaka zikang'aa. Karatasi ya spika ya kushoto ilikuwa na kiraka. Nilikitambua mara moja: ni karatasi ya bahasha ya barua za ndege, ile ya pembeni nyekundu na bluu, mjomba aliibandika kwa gundi. Fundi alikigusa kwa kidole, akasema kimeshika, tukiache. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Kisha akagundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Nyuma ya AC30 za zamani kuna kichaguzi cha volti. Cha kwangu kilikuwa kwenye 225. Akapima umeme wa ukutani pale kwake: 248. Akapima waya zinazopasha vali moto, zinazotakiwa kuwa na volti 6.3, akakuta 6.9. Yaani kwa miaka yote hiyo, kila nilipopiga usiku wa manane wakati watu wamezima vitu vyao na umeme umepanda, nilikuwa nazipika vali zangu. EL84 ndani ya amplifaya hii zenyewe zinafanya kazi kwa jasho hata usipopiga noti. Ndiyo maana nilikuwa nanunua vali mpya karibu kila mwaka, nikiilaumu bidhaa. Akahamisha kichaguzi hadi 245. Hakunitoza kwa hilo.

Hesabu yote: kapasita 95,000, vali nne za kutoka Slovakia pamoja na usafirishaji 230,000, kazi ya fundi 120,000. Jumla shilingi 445,000. Rafiki yangu alikuwa anataka zaidi ya mara nne ya hizo kwa Roland yake, na bei hiyo ilikuwa ya haki.

Nimeirudisha Roland. Nilimwambia ukweli kwamba ni amplifaya nzuri kuliko nilivyodhani, na kama ningekuwa mpiga taarabu mtupu ningeuza hata baiskeli niichukue. Anayepiga kwenye harusi za uani, kwa jenereta, nyuma ya mwimbaji, na hana fundi wa vali karibu, aichukue bila kusita. Pia anayependa pedali nyingi. Inazipokea zote bila kuzigeuza tabia.

Mimi nabaki na AC30, kwa sababu Jumamosi tatu kati ya nne napiga dansi. Ila sijafunga mlango. Tumekubaliana na fundi kwamba ikiungua transfoma ya kutoa sauti, ile ya asili, nitaacha kuihangaikia; transfoma nyingine itapiga, lakini haitakuwa tena kitu nilichokuwa nakilinda. Hadi hapo kila kabla ya shughuli napima umeme wa mahali kwa mita ndogo, siisogezi ukutani kwa sababu ya joto, na sijaongeza vali wala spika zisizohitajika.

Kwa ajili ya mama yetu wa taarabu nimefanya mawili. Nimeishusha chini, haikai tena juu ya kreti usawa wa masikio yake, na nimeigeuza kidogo upande wa ngoma. Kitufe cha sauti za juu nimekipunguza mpaka karibu robo. Tulijaribu juzi kwenye mazoezi. Aliimba ubeti mzima, akanitazama, akaashiria kwa mkono niongeze kidogo.