Noto Sans Devanagari: fonti iliyoshika vijistari vya Maharaji

Mie kazi yangu ni kupanga kurasa kwenye duka la kuchapa, nyuma ya Barabara ya Digo. Kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya maulidi. Mwaka huu alikuja mzee wa Kihindi, mwalimu wa Kisanskriti, sote twamwita Maharaji. Alishika kijitabu cha mantra, maneno matakatifu ya kughaniwa, cha kurasa 16, kilichochakaa, akataka nakala 200 zilizo sawa na hicho hadi kijistari cha mwisho.

Vijistari hivyo ndivyo kazi yenyewe. Chini ya herufi nyingine pana kistari cha kulala: anudatta, sauti ya chini. Juu ya nyingine pana kistari cha kusimama: svarita, sauti inayoshuka. Sauti ya juu, udatta, katika Rigveda, kitabu cha kale cha nyimbo takatifu za Kihindu, haina alama. Unaitambua kwa jirani zake.

"Mwanangu, ukiacha alama umeacha maana," akanambia. Akanisimulia habari za Tvashtri, aliyetaka mwana wa kumuua mungu Indra. Neno indrashatru alilipandisha sauti mwanzoni badala ya mwishoni, na "muuaji wa Indra" ikageuka "ambaye muuaji wake ni Indra". Mwana huyo, Vritra, akauawa na Indra kweli. Nilimwelewa papo hapo. Nimesoma chuo cha Kurani, najua mtoto anavyotaabika na maandishi yasiyo na irabu. Na kwetu pia, sogeza mkazo tu, barabara ya magari yawa barabara ya sawasawa.

Kabla ya kuja kwangu alishapangiwa kazi hiyo mahali pengine kwa fonti ya kizamani, zile zinazochora Kidevanagari, herufi za Kisanskriti, juu ya namba za herufi za Kizungu. Faili nilipoifungua kwenye kompyuta yangu, niliona ukurasa mzima wa herufi za Kizungu zisizosomeka. Nikaanza upya kwa Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, na kwa fonti hii ya Google. Ni ya bure, leseni yake ni huria, na jina lake, Noto, latokana na "no tofu", yaani bila "tofu", visanduku vitupu vinavyotokea fonti ikikosa herufi. Kwenye kijitabu chote sikuona kisanduku hata kimoja.

Tazameni maneno mawili ya kwanza ya Rigveda, yaliyoandikwa pamoja: अ॒ग्निमी॑ळे. Kistari cha chini kimekaa katikati ya "a", hakikuegemea upande. "Gni" imeachwa wazi, ndiyo yenye sauti ya juu. Kwenye "mi", irabu ndefu ina mkia unaopinda juu ya herufi, na svarita imepanda juu yake bila kugusana nao. Hapo ndipo nilipoipenda.

Kuandika kwataka subira. Kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia, naandika 0951 kisha Alt na X kwa kistari cha juu, 0952 kwa cha chini. Jihadharini na majina: Unicode imeiita 0951 udatta, ilhali katika Rigveda ndiyo svarita. Alama ya sauti ije baada ya irabu; ukiitanguliza, irabu yakaa peke yake juu ya kiduara cha nukta. Alama za ziada, kama svarita ya vistari viwili, zimo katika fungu linaloanzia 1CD0, lililoingizwa Unicode mwaka 2009, na fonti inazo. Mistari ipeni nafasi, mie niliweka moja na nusu, ili kistari cha juu kisisongwe na cha chini cha mstari uliotangulia.

Maharaji alikaa kwenye benchi letu, akaghani kurasa zote kwa sauti, kidole chini ya kila herufi. Ukurasa wa 9 alinyamaza, akarudia neno. Nilikuwa nimeruka anudatta moja. Nikaiweka, akaendelea hadi mwisho, ndipo tukawasha mashine.