Bafu la mama: nililipia mchoro kabla ya vigae

Bafu letu la kwanza hapa Kiamunyi, Nakuru, lilipendeza kwa macho, lakini maji ya kuoga yalikuwa yakikimbilia mlangoni badala ya kuelekea kwenye shimo la kutolea maji. Tumeishi miaka minne na tambara kizingitini. Kwa hiyo mama alipohamia kwetu na magoti yake yanayomsumbua, tukakubaliana kumjengea bafu lake, niliapa hakuna kigae kitakachobandikwa kabla sijaona mchoro.

Nilimpata dada mmoja hapa mjini, kazi yake ni kuchora mabafu tu. Malipo yalikuwa shilingi 12,000: kupima, kuchora, na kurudi mara mbili kukagua kazi ya mafundi. Chumba chenyewe ni mita 2 kwa 2.5.

Siku ya kwanza hakufungua karatasi yoyote. Alitoa chaki akachora choo, sinki na mahali pa kuogea pale pale sakafuni, kwa ukubwa wake kamili, kisha akaomba kiti cha plastiki na kukiweka pale choo kitakapokaa. "Mama, keti hapa, halafu inuka taratibu." Mama alipoinuka, mkono wake wa kulia ulipapasa hewani ukitafuta pa kushika. Dada akaweka alama ukutani hapo hapo: chuma cha kushikilia kitafungwa hapa. Ukuta wetu ni wa mawe, bolti zimeshika sawasawa. Ni kwa kile kiti pia tulipoona kwamba mlango ukifunguka kwa ndani ungemgonga magoti, na Mungu apishe mbali, mama akianguka nyuma yake hatungeweza kuusukuma. Sasa unafunguka nje.

Vigae vikubwa vinavyong'aa nilivyokuwa nimevipenda alivikataa. Alivimwagia maji yenye sabuni, akaniambia nipitishe mguu. Sikubishana tena. Tulichukua vidogo vyenye uso wa kukwaruza, ambavyo pia hufuata mteremko wa sakafu kwa urahisi kuliko vikubwa.

Na mteremko ndio uliokuwa kidonda changu. Aliandika sentimita 2 kwa kila mita kuelekea shimoni. Fundi alisema amezoea kukadiria kwa jicho. Dada alirudi saruji ilipokauka, akaja na pimamaji, kisha akamwaga jagi la maji kila pembe. Pembe tatu zilikauka. Ya nne ilibaki na kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Fundi akairudia kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Asubuhi za Nakuru ni baridi, kwa hiyo shawa ya umeme ni lazima. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi, naye alitaja kwenye mchoro ile iliyotengenezewa maji ya chumvi, waya wa milimita 6 za mraba, swichi yake pekee na waya wa kwenda ardhini. Tangi nalo tuliliinua mita 2 zaidi. Kila mita ya kimo huongeza msukumo wa takriban bar 0.1 tu, na awali maji yalikuwa yakidondoka kama machozi.

Malalamiko ninayo. Ukaguzi wa pili ulichelewa siku tano, na kibarua wa siku hulipwa hata akikaa bure. Halafu dirisha: alilichora dogo mno, mvuke unatanda darini na madoa meusi yameanza kujitokeza. Nilipompigia alikubali ni kosa lake akaniletea mchoro mpya bila malipo, ila kubomoa ukuta ni juu yetu.

Mama anaoga peke yake sasa, mlango umefungwa, anaimba nyimbo zake za kanisani. Ningemlipa dada yule tena bila kusita. Wewe ukimwita, mwulize habari ya dirisha kabla hajaondoka siku ya chaki.