Redio ya refa kwenye Mataifa Sita: uzoefu wangu na kidude cha sikioni

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huuliza kwanza. Redio ndogo ya kumsikiliza refa huuzwa kama paundi 10 hadi 15 kwenye vibanda vya uwanjani siku za mechi za Mataifa Sita, mashindano ya raga ya kila mwaka ya nchi sita za Ulaya. Kwa anayefuatilia raga uwanjani kwa dhati, hiyo ni pesa iliyokaa vizuri. Anayekwenda kwa ajili ya nyimbo na bia aiache dukani, kwa sababu kidude hiki kinadai usikivu, na siku ya kwanza kinadai subira pia.

Ninayoitumia ni ndogo kuliko kiberiti. Ina waya mmoja unaoishia kwenye spika ya sikio moja, betri bapa ya CR2032, gurudumu dogo la kuwashia na kupandishia sauti, na vitufe viwili: kimoja cha kutafuta stesheni, kingine cha kurudi mwanzo wa masafa. Haina skrini wala namba. Ndani ni redio ya FM ya kawaida kabisa. Ujanja wote uko kwenye matangazo yanayorushwa uwanjani: kipaza sauti cha refa, cha wasaidizi wake wawili wa pembeni na cha refa wa video vinaunganishwa pamoja, kisha sauti inarushwa kwa mtambo wa nguvu ndogo unaotosha majukwaa tu. Ukishafika kituo cha treni umeshaipoteza.

Wengi huitupa kabla ya mapumziko wakidhani wameuziwa mbovu. Sababu kubwa ni namna inavyotafuta stesheni. Kila ukibonyeza, inapanda hadi kwenye mawimbi ya kwanza yenye nguvu na kutulia hapo. London na Cardiff zimejaa stesheni za muziki zenye nguvu mara nyingi kuliko mtambo wa uwanjani, kwa hiyo usishangae ukikutana na matangazo ya magodoro kabla ya kumpata refa. Mimi hufanya hivi: nakaa kwanza kwenye kiti changu, siyo nje ya geti, maana mawimbi hubadilika ukishaingia chini ya zege. Narudi mwanzo wa masafa kwa kitufe cha pili. Halafu nabonyeza cha kutafuta mara moja moja, nikisubiri sekunde mbili tatu kila inapotulia. Nikikuta stesheni iliyo kimya lakini haina mkwaruzo, hiyo ndiyo. Ukimya ule ni kipaza sauti kilichozimwa, na mara nyingi hakifunguliwi mpaka dakika chache kabla ya mpira kuanza. Anayeendelea kubonyeza kwa sababu "hakuna kitu" ameshaipita. Pengine pia utakuta mtangazaji wa mechi kwenye masafa ya jirani. Ukimsikia yeye, uko karibu.

Jambo la pili ni waya. Kwenye redio za aina hii waya wa sikio ndio antena. Ukiukunja na kuufunga kwa raba ili usining'inie, au ukiusokota ndani ya skafu, umeikata antena yako kwa mikono yako. Uache ulale wazi kifuani, juu ya koti. Nikiwa viti vya nyuma chini ya jukwaa la juu, sauti hukatikakatika hata waya ukiwa umenyooka. Hapo kugeuka kidogo kuelekea uwanjani husaidia kuliko kuongeza sauti.

La tatu ni baridi. Mashindano haya huchezwa Februari na Machi, na betri bapa za duara hudhoofika vibaya kwenye baridi. Jioni ya Murrayfield, uwanja wa Edinburgh, inaweza kuiua betri ambayo ingekupa mechi tatu za mchana wa jua. Redio ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, waya tu ndio utoke nje. Dalili ya betri kuchoka siyo kuzima ghafla. Sauti huanza kupasuka refa anapopaza, kisha stesheni inaruka yenyewe. Nunua betri ya akiba dukani kwenu, maana ya uwanjani, ukiipata, utailipia ghali.

Sasa utamu wenyewe. Mtu wa jukwaani huona rundo la watu na kusikia filimbi. Mwenye redio husikia mambo kabla ya filimbi, wachezaji wakiitwa kwa namba za jezi: "Saba mwekundu, toa mkono." "Kumi na mbili, rudi nyuma." "Mpira uko tayari, uchezwe," na hapo ujue wana sekunde tano za kuutoa kwenye rundo. Refa mzuri huonya kwanza, kwa hiyo penalti ikija unajua ni onyo la ngapi, na kadi ya njano ikitoka haikushtui kama inavyomshtua jirani yako. Kwenye skramu, pale washambuliaji wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira, ndipo redio inalipa deni lake lote. Zile amri tatu za kuchuchumaa, kushikana na kuingia zinasikika wazi, lakini cha thamani zaidi ni maneno ya katikati: refa akimwambia propu, mchezaji wa mstari wa mbele wa skramu, ainue kiwiko, au akimwita nahodha na kumwambia skramu ya tatu kuporomoka itakuwa na adhabu. Bila hayo, skramu za kimataifa ni kubahatisha tu, hata kwa waliowahi kuzicheza.

Lugha siyo kikwazo kikubwa. Hata mechi ikiwa Paris au Roma, na hata refa akiwa Nika Amashukeli wa Georgia, kazi hufanywa kwa Kiingereza, chenye maneno machache yaleyale yanayorudiwa. Ukisikiliza nusu ya mechi unakuwa umeyakariri.

Kuna hoja kwamba kidude hiki kimepitwa na wakati, kwa sababu siku hizi marefa hutangaza uamuzi wa video kupitia spika za uwanja. Sikubaliani nayo. Spika zinakupa hukumu tu. Redio inakupa mjadala. Tazama fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 2023 pale Stade de France, Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Refa Wayne Barnes alimwonyesha Sam Cane, nahodha wa New Zealand, kadi ya njano, kisha refa wa marudio, anayekagua kadi kwa video nje ya uwanja, akaipandisha kuwa nyekundu Cane akiwa ameshakaa benchi. Baadaye trai ya Aaron Smith, naye wa New Zealand (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli), ikafutwa kwa mpira ulioangushwa mbele kwenye lainauti, yaani mpira unaporudishwa uwanjani kwa kurushwa kutoka pembeni, hatua kadhaa nyuma ya pale watu wote walipokuwa wanatazama. Mambo kama hayo, ukiwa jukwaani bila sauti, ni dakika nzima za kuangaliana. Ukiwa nayo unasikia refa wa video akimwambia mwenzake atazame nini na kutoka pembe ipi, kabla skrini kubwa haijaonyesha. Mikono ya refa ikipishana kifuani ujue kadi imepelekwa kwa refa wa marudio na ana dakika nane, kuanzia hapo jukwaa zima litakuuliza "amesemaje?", kwa hiyo jiandae kuwa msemaji wa safu yako.

Usidhani simu itafanya kazi hiyo. Matangazo ya intaneti huchelewa makumi ya sekunde, na watu elfu 80 wakiwa na simu mkononi mtandao unajikokota. Redio ya dijitali huchelewa pia sekunde kadhaa, zinazotosha kukuharibia, kwani utasikia onyo baada ya penalti kupigwa. FM ndiyo inayokwenda sambamba na macho.

Udhaifu ambao sina dawa yake ni kelele. Cardiff paa likifungwa, wimbo ukipanda, hata sauti ya mwisho haisaidii. Kifuniko cha sponji kinachokuja na redio ni chembamba. Nimeweka cha mpira laini kinachoziba sikio, na tofauti ni kubwa. Sikio lingine liache wazi, la sivyo umejifungia nje ya uwanja uliolipia.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama redio inatafuta masafa yote au imefungwa kwenye masafa ya uwanja huo tu. Zote mbili zipo na kwa nje zinafanana. Iliyofungwa ni rahisi zaidi: unawasha, unasikiliza. Lakini mechi ya Twickenham, uwanja wa London, ikiisha hutaweza kwenda nayo Edinburgh. Ya kutafuta inasumbua dakika tano za mwanzo, kisha inakuhudumia msimu baada ya msimu, mradi uitoe betri kila Machi ikiisha, kwa sababu betri ikivujia ndani hula vibati vya shaba na hapo hakuna fundi atakayejisumbua nayo kwa bei hiyo.