Uzoefu wangu: Great Expectations kwenye simu, kisha kwenye runinga ya sebuleni

Kuanzia Oktoba hadi Krismasi iliyopita nilikuwa nikisoma riwaya ya Great Expectations ya Charles Dickens kwenye simu yangu, na nilipoimaliza nikaitazama filamu yake ya mwaka 1946 pamoja na ndugu zangu nyumbani Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi. Kitabu nilikipata bila malipo katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ambayo chimbuko lake ni kazi aliyoianza Michael Hart nchini Marekani mwaka 1971, nayo huweka vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha huko. Sikutakiwa kujisajili wala kutoa namba ya kadi. Unalipakua faili mara moja, na tangu hapo unasoma hata bando likiisha, jambo ambalo kwa mtu anayeshuka mjini kwa Hiace kila asubuhi si dogo hata kidogo.

Kasoro ni kwamba faili nililolipakua lina maandishi ya Dickens tu, bila maelezo ya mhariri, na Kiingereza chake ni cha zaidi ya miaka 160 iliyopita. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na kamusi mkononi muda wote. Baadaye niliizoea sauti yake. Riwaya hii ilitoka kwanza kipande kwa kipande katika jarida la kila wiki alilolimiliki Dickens mwenyewe, kati ya Desemba 1860 na Agosti 1861, na ukiisoma unalihisi hilo: sura zake 59 nyingi ni fupi na hukatikia pale hasa unapotaka kuendelea. Sura moja ilinitosha kutoka nyumbani hadi stendi, isipokuwa siku ambazo nilipitilizwa kituo.

Kabla ya filamu yenyewe, niwatahadharishe wenzangu kwa yaliyonipata. Nilikwenda kwenye duka moja la mjini linalopakia filamu kwenye flashi, nikataja jina la filamu, nikalipa shilingi 1,000, na nilipofika nyumbani nikamkuta kijana anayeitwa Finn, mchoraji, akihangaika kati ya Florida na New York. Kumbe hiyo ni ile ya mwaka 1998, iliyoihamishia hadithi Marekani na kuwabadilishia baadhi ya wahusika majina. Muuzaji aliniambia kwamba jina ni lilelile na kwa hiyo hawezi kurudisha fedha. Ukiagiza filamu iliyotokana na kitabu maarufu, taja na mwaka wake na jina la mwongozaji. Niliyoitaka mimi, ya David Lean, niliipata baada ya binamu yangu kuninunulia diski halisi Uingereza na kuja nayo Desemba.

Riwaya inaanza mkesha wa Krismasi, makaburini, na sisi tuliitazama filamu siku hiyohiyo, nyumba ikiwa imejaa watu waliotoka Dar es Salaam. Upepo, miti inayolialia, mtoto Pip anakimbia na kumkumba mfungwa aliyetoroka: mpwa wangu alimwaga soda, na watu wazima wawili, ambao sitawataja, walipiga kelele. Kwa kutisha, kitabu hakiifikii filamu hapo. Lakini katika ukurasa uleule Dickens ana kitu ambacho kamera haikuweza kukichukua. Pip mtu mzima anasimulia jinsi alivyokuwa akiyatazama maandishi ya kaburi la baba yake na, kwa umbo la herufi tu, akaamini kwamba marehemu alikuwa mnene, mweusi, mwenye nywele za kujikunja. Na kwa vijiwe vitano vya kaka zake wadogo akaamini kwamba wote walizaliwa wamelala chali, mikono mifukoni. Mtu mzima anamcheka mtoto aliyekuwa yeye mwenyewe. Sauti hiyo inaibeba riwaya yote, na katika filamu inabaki kwa vipande.

Nyumba ya Miss Havisham, yule bibi tajiri aliyeachwa na mchumba siku ya harusi yake, kwa upande mwingine, nilikuwa nimeiwaza vibaya kabisa hadi nilipoiona: keki ya harusi iliyomezwa na utando wa buibui, saa zote zimesimama saa tatu kasoro dakika ishirini. Filamu hii ilipata Oscar mbili, ya upigaji picha na ya usanifu wa mandhari, na ukiketi mbele ya chumba hicho hutauliza kwa nini. Waigizaji ni wazuri, ingawa John Mills alikuwa na miaka 38 alipomwigiza Pip kijana, na mama mdogo hakunyamaza: "Mbona kijana mwenyewe ni mkubwa kuliko mjomba wake?"

Lililonigusa zaidi ni Joe, mhunzi aliyemlea Pip, anapomtembelea London, ambako Pip sasa anaishi kama bwana mwenye fedha, akiwa katika nguo zake za kanisani. Katika kitabu Pip anakiri wazi kwamba angeweza kumzuia asije kwa kulipa fedha, hakika angezilipa. Joe hajui aiweke wapi kofia yake, anaiegesha pembeni mwa rafu ya mekoni, nayo inaanguka kila mara, huku yeye mara akimwita Pip "bwana", mara akisahau na kumwita kama zamani. Filamu haikukiacha kituko hicho, na sebule yetu ilikicheka, kisha ikatulia ghafla, kwa sababu nusu ya waliokuwamo wana magari yenye viyoyozi nje na wana wazee wa aina ya Joe ndani. Baba mkubwa peke yake ndiye aliyesema: "Angeipakata tu hiyo kofia."

Saa mbili hazitoshi kwa kitabu kinene, hivyo Orlick, yule kibarua mwenye kinyongo, hayumo kabisa. Hilo nalivumilia. Mwisho wa filamu ndio sikuuamini: Dickens aliandika miisho miwili, wa pili kwa ushauri wa rafiki yake, na yote miwili ina wasiwasi fulani ndani yake, ilhali Lean anafungua mapazia na mambo yote yananyooka kwa dakika chache.

Ningewashauri mwanze na kitabu. Shemeji yangu alianza na filamu, akaniomba faili kabla hajapanda basi la kurudi Dar. Alipofika Korogwe akanitumia ujumbe kuuliza kama dada yake Pip atagundua kwamba pai imeibwa.